UZI: Maumivu yanayofuata kalenda. Hedhi ikikutana na baridi yabisi, lupasi, selimundu na kipandauso

Kiungo_Kizima (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mada hii huibuka kila mara: dada ana baridi yabisi au lupasi (magonjwa ambayo kinga ya mwili inashambulia mwili wenyewe), anameza dawa zake vizuri, lakini siku mbili tatu kabla ya kuingia mwezini vidole vinakaza, magoti yanauma, mwili unakuwa kama umepigwa fimbo. Akiuliza, huku anaambiwa ni chango, achemshe mizizi. Kule anaambiwa ugonjwa umechachamaa, aongeze prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe). Majibu yote mawili yanaweza kumpeleka pabaya, kwa sababu hakuna aliyeangalia tarehe wala kiungo chenyewe.

Tuanze na kuhesabu, maana wengi wanakosea hapo hapo. Siku ya 1 ni siku damu imetoka kamili, si matone, na si siku ilipokata. Mzunguko wa mtu mzima huwa siku 21 hadi 35. Yai hutoka kama siku 14 KABLA ya hedhi ijayo, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake linatoka karibu siku ya 21, si ya 14. Homoni ya estrojeni hupanda nusu ya kwanza na kufika kileleni kabla tu ya yai kutoka. Nusu ya pili homoni ya projesteroni inashika usukani. Siku chache kabla ya damu, zote mbili zinaporomoka kwa pamoja, na huo mporomoko ndio unaobeba sehemu kubwa ya tunayojadili.

Projesteroni ikishuka, utando wa mji wa mimba unamwaga prostaglandini. Hizi zinabana misuli ya mji wa mimba hadi damu haipiti vizuri kwenye msuli wenyewe, na hapo ndipo maumivu ya tumbo yanapotoka. Zinazoingia kwenye mzunguko wa damu ndizo zinazoleta kuharisha, kichefuchefu na kichwa kuuma siku ya kwanza. Ni ukoo uleule wa kemikali unaowasha uvimbe kwenye maungio, kwa hiyo si ajabu goti lililokuwa limetulia likaanza kulalamika.

Estrojeni nayo ina sura mbili. Ikiwa nyingi huelekea kutuliza baadhi ya kemikali za uvimbe kama TNF, lakini wakati huohuo inachochea seli B zinazotengeneza kingamwili. Ndiyo maana wajawazito wengi wenye baridi yabisi hupata nafuu, ilhali mwenye lupasi anaweza kuchachamaa akiwa mjamzito. Homoni ni ileile, ila ugonjwa mmoja unaendeshwa zaidi na uvimbe wa seli na mwingine na kingamwili. Atakayekwambia "estrojeni inazidisha magonjwa ya kinga" au "estrojeni inayatuliza" amekupa nusu ya habari.

Kitu cha tatu ni usingizi. Usiku mbili za kukatikakatika zinatosha kushusha uvumilivu wa maumivu, hata kama kwenye kiungo hakuna kilichobadilika.

Tafiti za baridi yabisi zinaonyesha mwelekeo wa ugumu wa asubuhi kupungua nusu ya pili ya mzunguko na kurudi karibu na hedhi, ila zilihusisha wanawake wachache. Si kila mtu anafuata kalenda, ndiyo maana inabidi uandike ya kwako.

Sasa utofautishaji. Maumivu ya kalenda yanakuja ndani ya dirisha lilelile kila mwezi na kuondoka yenyewe siku ya 2 au 3 ya damu. Kiungo kinauma lakini ukikibonyeza hakijajaa, hakina joto, na asubuhi kinalegea ndani ya nusu saa. Ugonjwa uliochachamaa haujali tarehe: damu inakata na maumivu yanabaki. Kiungo kimevimba kama andazi, kina joto, ugumu wa asubuhi unavuka saa nzima. Kwa mwenye lupasi ongeza vidonda vya mdomoni visivyouma, upele mpya usoni au penye jua, homa isiyo na malaria, mkojo wenye povu lisilokufa, miguu au kope kuvimba. Ukiona hayo, usisubiri hedhi iishe.

---

Zege_Halilali

Mkuu umeanza na madini. Ila hiyo ya kubonyeza, mtu anabonyezaje akajua?

---

Kiungo_Kizima

Weka mkono mezani, kiganja chini. Tumia vidole gumba viwili kubonyeza kifundo cha kidole pande mbili za mstari wa kiungo, kwa nguvu ya kufanya kucha yako ianze kuwa nyeupe. Kiungo kizima ni kigumu, unahisi mfupa mara moja. Chenye uvimbe unahisi kama unabonyeza zabibu iliyolowa: kuna kitu laini kinahama upande wa pili. Halafu pitisha mgongo wa mkono juu ya goti. Goti la kawaida huwa la baridi kidogo kuliko paja lililo juu yake. Likiwa na joto sawa na paja au kulizidi, kuna moto ndani.

Pete nayo ni kipimo, lakini inadanganya. Kabla ya hedhi mwili wa baadhi ya wanawake hushika maji na pete inabana vidole VYOTE. Uvimbe wa baridi yabisi huchagua vifundo. Na vile vya mwisho kabisa karibu na kucha, kwa kawaida baridi yabisi huviacha.

---

Sampuli

Nakazia upande wa maabara, maana huku ndiko watu wanakoongezewa dawa bila sababu.

Kwanza mkojo. Mwenye lupasi anapimwa mkojo mara kwa mara kutafuta protini na damu, kwa sababu figo zinaharibika kimyakimya. Akileta mkojo siku ya 2 ya hedhi, kijiti kitaonyesha damu, na protini pia inaweza kupanda kwa sababu damu yenyewe ina protini. Fundi sanifu anaandika alichokiona. Daktari anasoma "damu +++, protini ++" na anaanza kuwaza figo. Panga kipimo cha mkojo siku mbili tatu baada ya damu kukauka. Kama hakiwezi kusubiri, jisafishe, acha mkojo wa kwanza uende, kinga wa katikati, na UANDIKE kwenye fomu "yuko kwenye hedhi, siku ya ngapi". Mkojo wa saa 24 usikusanye kabisa siku hizo.

Pili, ESR, kipimo cha damu cha kutafuta uvimbe mwilini. Damu ikipungua, ESR inapanda hata kama hakuna uvimbe wowote, kwa sababu chembe chache zinazama haraka kwenye mrija. Fuateni mnyororo huu: hedhi nzito miezi sita, himoglobini inashuka hadi 9, ESR inapanda, mgonjwa anasema amechoka na maungio yanauma, anaongezewa prednisoloni. Tatizo lilikuwa damu. Omba CRP, kipimo kingine cha uvimbe, iende sambamba, yenyewe haisumbuliwi na upungufu wa damu namna hiyo. Ila kwa lupasi CRP inaweza kubaki chini hata ugonjwa ukiwa umewaka, na ikipanda sana fikirieni maambukizi pia.

Tatu, feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Kwa mtu asiye na uvimbe, chini ya 15 ni upungufu. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe, kwa hiyo mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na 40 kwenye karatasi huku akiba ni tupu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliweka kikomo cha 70 kwa watu wazima wenye maambukizi au uvimbe. Majibu yenye alama ya "kawaida" pembeni yamepumbaza wengi hapa.

Na jambo dogo: kama unafuatilia kipimo kwa miezi, jitahidi kupima siku ileile ya mzunguko kila mara. Kulinganisha siku ya 1 na siku ya 12 ni kulinganisha bahari kujaa na kupwa.

---

MfamasiaWaKona

Naomba nishike dawa za maumivu, kwa sababu kosa la dukani ni lilelile kila siku.

Ibuprofeni, naprokseni, diklofenaki, asidi ya mefenamiki, meloksikamu: ukoo mmoja. Zinazuia prostaglandini ISITENGENEZWE. Iliyokwisha kumwagika haziiondoi. Mtu anasubiri maumivu yafike kileleni, anameza kidonge kimoja cha ibuprofeni cha 200, baada ya saa moja anasema haifanyi kazi. Dozi ndogo na kachelewa.

Namna inayofaa kwa mtu mzima asiye na kizuizi: ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8 pamoja na chakula, kuanzia jioni ya kuamkia siku ya kwanza kama mzunguko unatabirika, au mara tu dalili ya kwanza inapobisha. Unaendelea kwa saa, si kwa kusubiri uchungu, siku 2 hadi 3, kisha unaacha. Bila daktari usivuke 1200 kwa siku. Au mefenamiki 500 mara tatu kwa siku. Moja tu, si zote.

Na hapa ndipo mwenye ugonjwa sugu anatofautiana na dada yake asiyeumwa. Mwenye baridi yabisi huenda tayari anameza meloksikamu au diklofenaki kila siku. Akiongeza ibuprofeni ya hedhi, na zahanati ikampiga sindano ya diklofenaki juu yake, amekunywa kitu kimoja mara tatu kwa majina matatu. Tumbo linatoboka. Soma jina dogo chini ya jina la biashara.

Wasiopaswa kugusa ukoo huo bila daktari: mwenye lupasi iliyogusa figo, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwenye pumu inayochochewa na aspirini, mjamzito, na mwenye presha anayetumia dawa za jamii ya kaptoprili au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza. Mchanganyiko huo wa tatu kwa mpigo unaangusha figo, hasa mtu akiwa ameharisha na kukaukiwa maji, na prostaglandini za hedhi zenyewe huharisha.

Anayekatazwa hizo ana parasetamoli: gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na mtu wa chini ya kilo 50 au mwenye ini bovu apunguziwe. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, dakika 15 hadi 20 tumboni au kiunoni, isidharauliwe. Tangawizi ya unga nayo imejaribiwa kwenye maumivu ya hedhi, kuanzia takriban miligramu 750 hadi gramu 2 kwa siku, siku 3 au 4 za mwanzo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni karibu gramu 2, kigawe mara tatu. Anayetumia warfarini asijaribu dozi hizo.

Unga usio na lebo unaouzwa kama "kiboko ya baridi yabisi na chango" unaotuliza kila kitu ndani ya siku moja, kaa nao mbali. Dawa za namna hiyo zimekamatwa nchi nyingi zikiwa na deksamethasoni ndani. Ni steroidi. Uso unajaa, sukari inapanda, hedhi yenyewe inavurugika, na siku ukiacha ghafla unaweza kuzimia.

Kwa hilohilo: prednisoloni usijipandishie kila mwezi kwa sababu "siku zimekaribia", na kama umeitumia zaidi ya wiki 3 usiikatishe ghafla. Inashushwa ngazi kwa ngazi.

---

Msomaji_Kimya

Mfamasia, mtu anayemeza methotreksati ya baridi yabisi aongeze ibuprofeni siku za hedhi, inafaa?

---

MfamasiaWaKona

Kwa dozi za baridi yabisi, yaani miligramu 7.5 hadi 25 kwa WIKI, madaktari huruhusu kwa siku chache kama kreatinini (kipimo cha figo) ni nzuri na vipimo vya damu vinafuatiliwa. Anayekatazwa ni mwenye figo dhaifu, na aliyekaukiwa maji asubiri. Ninaogopa zaidi vitu viwili. Kimoja ni mtu kuimeza kila siku badala ya kila wiki, kosa linaloua. Chagua siku, mfano Jumapili, na iandikwe kwenye boksi. Cha pili ni Septrini, ile antibiotiki. Dada anahisi mkojo unachoma, anapita dukani, anapewa Septrini juu ya methotreksati. Uboho unazimika: vidonda mdomoni, homa, damu kutoka fizi. Taja methotreksati kila unapofungua mdomo dukani.

Asidi ya foliki iambatane nayo, mara nyingi miligramu 5 kwa wiki, siku tofauti na ya methotreksati.

---

NesiUzazi

Asalaam wapendwa. Naona watu wanaruka jambo la kwanza kabisa: PIMA MIMBA. Hedhi imechelewa, tumbo la upande mmoja linauma, na mtu anaandika kwenye daftari "maumivu ya kalenda". Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje. Na kwa anayetumia methotreksati au mikofenoleti (dawa nyingine ya kushusha kinga ya mwili), mimba isiyopangwa ni hatari kwa mtoto. Methotreksati huachwa mwezi 1 hadi 3 kabla ya kutafuta mimba, mikofenoleti wiki 6 au zaidi, na zote kwa kubadilishiwa dawa, si kuacha mikono mitupu.

Sasa njia za uzazi wa mpango, kwa sababu ndizo chombo kikubwa cha kutuliza mporomoko wa homoni.

Vidonge vya majira vyenye estrojeni na projestojeni: ile pakiti ya 28, vile 7 vya mwisho havina homoni, mara nyingi ni madini ya chuma tu. Wiki hiyo ndiyo homoni inashuka na maumivu yanarudi. Kwa anayefaa kuvitumia, inawezekana kuruka hivyo 7 na kuanza pakiti mpya moja kwa moja, pakiti 2 au 3 mfululizo. Matone ya damu katikati ni kawaida miezi ya mwanzo. Huo ni uamuzi wa kuzungumza kliniki, maana inabidi kwanza kujua kama unafaa.

Wasiofaa: mwenye kipandauso chenye mimulimuli kabla yake (mistari ya kumetameta au doa la upofu linalotambaa, dakika 5 hadi 60), kwa sababu ya kiharusi. Mwenye lupasi aliyekutwa na kingamwili za kugandisha damu, au ambaye hajapimwa kabisa. Aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, wenye mimulimuli na wenye hizo kingamwili wako ngazi ya 4, maana yake usitumie.

Lupasi iliyotulia isiyo na kingamwili hizo ni habari nyingine. Mwaka 2005 yalichapishwa majaribio mawili, la Marekani na la Mexico, na vidonge havikuongeza kuchachamaa kwa wanawake waliokuwa wametulia. Kwa hiyo "una lupasi, marufuku vidonge" si sahihi. Kupima kwanza ndiyo sahihi: kingamwili ni aina tatu, na zikikutwa hurudiwa baada ya wiki 12 ndipo jibu likubalike.

Sindano ya miezi mitatu hukausha hedhi kwa wengi, lakini hupunguza uimara wa mifupa. Juu ya prednisoloni ya muda mrefu unaubomoa mfupa kutoka pande mbili, na wenye kingamwili za kugandisha damu nao huelekezwa kwingine. Kitanzi cha homoni hupunguza damu na maumivu. Kitanzi cha shaba hakina homoni, ni salama kwa mwenye kingamwili, lakini miezi ya mwanzo huongeza damu na kubana, kwa hiyo si chaguo langu kwa mwenye himoglobini ya 8. Vijiti vya mkononi ni vizuri, ila rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU huvipunguza nguvu. Na anayetumia mikofenoleti asitegemee vidonge peke yake: kitanzi, au njia mbili kwa pamoja.

---

Chudi_Pwani

Na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu? Huku kwetu ndiyo wengi. Msichana anapata maumivu ya mifupa kila akiingia mwezini na anaambiwa anadeka.

---

NesiUzazi

Hadeki. Inajulikana vizuri kwamba kwa baadhi yao hedhi huvuta kipindi cha maumivu. Kuna prostaglandini, kuna kupoteza maji kwa kuharisha na kutapika, kuna kutokula. Chembe zenye umbo la mundu zinasongamana mtu akikauka maji au akipata baridi.

Siku 3 kabla ya tarehe: maji lita 2.5 hadi 3 kwa siku kama figo na moyo ni vizuri, usiku kujifunika, hakuna kuoga maji baridi alfajiri. Joto ndiyo, barafu KAMWE. Haidroksiurea, dawa ya selimundu, haikatishwi kwa sababu ya hedhi, ila anayeitumia awe na uzazi wa mpango. Dawa ya maumivu ianze mapema kama alivyosema mfamasia, baada ya kujua kreatinini, kwa kuwa selimundu hugusa figo.

Kwa mwenye selimundu sindano ya miezi mitatu ina historia nzuri. Jaribio la Jamaica lililochapishwa 1982 lilionyesha vipindi vya maumivu vilipungua. Zile tahadhari za mifupa zibaki akilini, huku mfupa wa nyonga tayari uko hatarini.

Kosa kubwa: FEFO. Msichana wa selimundu ana himoglobini ya 8, shuleni au kliniki anapewa vidonge vya madini ya chuma kama wenzake. Damu yake iko chini kwa sababu chembe zinavunjika, si lazima kwa sababu chuma kimeisha, na kama ameongezewa damu mara nyingi chuma kinaweza kuwa kimejaa kwenye ini. Feritini kwanza. Asidi ya foliki peke yake haina shida.

Kifua kuuma na pumzi fupi, homa ya 38 na kuendelea, udhaifu wa upande mmoja, au maumivu yasiyotulia kwa dawa ya nyumbani: hospitali usiku huohuo.

---

Chudi_Pwani

Shukran dada. Na Ramadhani? Mwanamke akiwa kwenye hedhi hafungi, lakini hali wala hanywi mbele za watu, anaona haya. Mwisho wake anashinda na kiu kama wanaofunga.

---

Kiungo_Kizima

Umegusa penyewe. Hana saumu, atalipa baadaye, lakini kwa haya amekaukiwa maji toka saa 1 asubuhi, na amemeza ibuprofeni kwa mate kwenye tumbo tupu chooni. Ndicho kinachotafutwa na kipandauso, vidonda vya tumbo na selimundu vyote kwa pamoja. Chupa ya maji chumbani, uji au tende kabla ya kidonge. Kwa anayefunga siku zisizo za hedhi, dawa za mara moja kwa siku na za mara mbili zinaweza kukaa kwenye daku na futari. Za mara tatu haziingii, azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kipandauso cha hedhi kina dirisha lake: kuanzia siku 2 kabla ya damu hadi siku ya 3, na kiwe kimetokea kwenye mizunguko angalau 2 kati ya 3. Kikithibitika na mzunguko unatabirika, naprokseni 500 mara mbili kwa siku, kuanzia siku 2 kabla, kwa siku 5 au 6, ni kinga iliyozoeleka kwa wasio na kizuizi. Dawa za kawaida za maumivu zikifika siku 15 kwa mwezi, zenyewe zinaanza kuleta kichwa.

---

Zege_Halilali

Kuna jirani anaambiwa na mganga wa dukani aache haidroksiklorokwini ya lupasi kwa kuwa "klorokwini ilishapigwa marufuku".

---

MfamasiaWaKona

Klorokwini iliachwa kwa MALARIA, Tanzania ilibadili mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Hii ni dawa nyingine, ndugu yake tu, na kwenye lupasi ni nguzo. Isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku: mwenye kilo 60 mwisho wake ni 300, kwa hiyo kidonge cha 200 siku moja na viwili siku inayofuata inawezekana. Macho yapimwe mwanzoni, na baada ya miaka 5 kila mwaka. Inaendelea hata kwenye ujauzito.

Damu ikiwa nyingi sana na mtu hana historia ya kuganda damu, asidi ya traneksamiki gramu 1 mara tatu kwa siku, isizidi siku 4, huipunguza. Mwenye kingamwili za kugandisha damu asiinunue mwenyewe. Nyingi sana ni ipi? Pedi inayolowa kabisa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge yanayozidi sarafu, au zaidi ya siku 7.

---

NesiUzazi

Na yule ambaye maumivu yanaanza siku nyingi kabla ya damu, anaumia akienda haja kubwa, anaumia kwenye tendo la ndoa, na miezi 3 ya dawa sahihi haijasaidia: huyo atafutwe endometriosisi, yaani utando wa mji wa mimba kuota nje yake. Picha ya ultrasaundi ikiwa safi haimaanishi haipo. Wengi wamerudishwa nyumbani na picha safi.

---

Msomaji_Kimya

Hilo daftari linaandikwaje? Mimi napenda kuona mfano.

---

Kiungo_Kizima

Daftari la mistari, ukurasa mmoja kwa mzunguko mmoja, mstari mmoja kwa siku. Unaandika usiku kabla ya kulala, dakika moja tu. Safu zako: siku ya mzunguko, damu (0 hadi 3), maumivu (0 hadi 10) na MAHALI, ugumu wa asubuhi kwa dakika, vifundo vilivyovimba, usingizi kwa saa, dawa. Mfano:

Siku 27 | damu 0 | maumivu 6, vidole na kiuno | ugumu dak. 25 | uvimbe hakuna | usingizi saa 5 | ibuprofeni 400 usiku

Siku 1 | damu 2 | maumivu 7, tumbo na vidole | dak. 30 | hakuna | saa 4 | ibuprofeni 400 mara 3

Siku 4 | damu 1 | maumivu 2, vidole | dak. 10 | hakuna | saa 7 | hakuna

Huyu ni wa kalenda. Sasa huyu mwingine:

Siku 27 | damu 0 | maumivu 6, vidole | dak. 70 | vifundo 2 mkono wa kulia | saa 6 | ibuprofeni 400

Siku 4 | damu 1 | maumivu 6, vidole na kifundo cha mkono | dak. 90 | vifundo 4 | saa 5 | ibuprofeni 400 mara 3

Siku ya 27 wote wawili wameandika 6. Aliyeangalia namba hiyo peke yake angewapa dawa moja. Mizunguko 3 inatosha kwenda nayo kwa daktari.

---

Sampuli

Ongeza safu moja mkuu: tarehe ya kipimo chochote kilichochukuliwa, ibandikwe kwenye mstari wa siku hiyo. Na siku ya kuchukuliwa damu au mkojo, mtu aje na daftari lenyewe, asije na kumbukumbu. Ukimuuliza mtu "hedhi ya mwisho lini?" pale dirishani huku foleni inamsukuma, atakupa tarehe yoyote.